Chupa ya Miller haikuzaa uhai

Juma hili sina budi kuanza kwa kusahihisha kosa langu mwenyewe. Miezi michache iliyopita, nikizungumza katika kipindi hiki juu ya maendeleo ya sayansi, nilisema kwamba mwaka 1953 wanasayansi wa Marekani walifaulu kutengeneza uhai ndani ya chupa. Nililisema jambo hilo kwa sauti ya kujiamini, kama ilivyo desturi yetu watu wa redio, kisha nikaendelea na mada nyingine.

Hivi karibuni nimepokea barua kutoka kwa msikilizaji mmoja, mwalimu mstaafu wa kemia. Anaeleza kwamba mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, alinisikia siku ile, akayaandika maneno yangu kwenye mtihani wa biolojia, na swali lile akapata sifuri. Kijana alipolalamika kwamba imesemwa redioni, mwalimu wake alimjibu kuwa redio haisahihishi mitihani. Mzee huyo hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Huo uhai uliotengenezwa, mwanangu, ulikula nini, na ulizaa watoto wangapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu halipo. Chupa ile haikuzaa uhai. Nilirudi kwenye vitabu kutafuta ilizaa nini hasa, na nikagundua kuwa kisa chenyewe, kikisimuliwa bila chumvi, kinapendeza kuliko uongo nilioutangaza. Kwa hiyo leo naomba tukifuate tangu mwanzo wake.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya, wakimfuata Aristotle, waliamini kwamba viumbe wadogo huzuka wenyewe: funza kutokana na nyama iliyooza, wadudu kutokana na matope. Mwaka 1668 tabibu mmoja wa Italia, Francesco Redi, aliweka nyama ndani ya vyombo kadhaa. Vingine aliviacha wazi, vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Nyama yote ilioza, lakini ile iliyofunikwa haikutoa funza. Ikawa dhahiri kwamba funza ni watoto wa nzi, si watoto wa nyama.

Hata hivyo, ubishi haukuisha. Darubini ilipoonyesha vijidudu visivyoonekana kwa macho, watu walidai kwamba hao basi, kwa udogo wao, ndio wanaozuka wenyewe. Huko Ufaransa mtaalamu Félix Pouchet wa mji wa Rouen alitoa kitabu mwaka 1859 akilitetea dai hilo. Aliyempinga ni Louis Pasteur. Pasteur alichemsha mchuzi ndani ya chupa za kioo zenye shingo ndefu iliyopindwa mithili ya shingo ya bata. Hewa iliweza kuingia, lakini vumbi na vijidudu vilinaswa kwenye mpindo. Mchuzi ulikaa bila kuharibika. Shingo ya chupa ilipovunjwa, haukupita muda vijidudu vikajaa. Mwaka 1862 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa tuzo kwa kazi hiyo, na Aprili 1864 akaieleza mbele ya hadhara kubwa pale Sorbonne, Paris.

Hapo ikakubalika kwamba kilicho hai huzaliwa na kilicho hai. Lakini jibu la Pasteur lilizaa swali gumu zaidi. Ikiwa kila kiumbe kina mzazi, mzazi wa kwanza kabisa alitoka wapi? Wapo waliosema hapo sayansi inyamaze. Charles Darwin naye hakupenda kulizungumza hadharani. Ila mwaka 1871, katika barua kwa rafiki yake Joseph Hooker, aliwaza juu ya kidimbwi cha maji ya uvuguvugu chenye chumvichumvi, ambamo kemikali zingeweza kuungana hatua kwa hatua. Akaongeza jambo la busara: siku hizi kitu kama hicho kikitokea kitaliwa mara moja na viumbe waliopo, lakini kabla ya viumbe kuwapo hapakuwa na wa kukila.

Yaani Pasteur alithibitisha mambo yalivyo katika dunia yetu, iliyojaa viumbe. Hakuthibitisha, wala hakudai kuthibitisha, mambo yalivyokuwa katika dunia isiyokuwa na kiumbe hata mmoja.

Wazo hilo lilikaa zaidi ya miaka 50 hadi watu wawili walipolishika, kila mmoja kivyake. Mwaka 1924, mjini Moscow, mkemia kijana Alexander Oparin alichapisha kijitabu juu ya asili ya uhai. Mwaka 1929 Mwingereza J. B. S. Haldane, bila kujua kazi ya Oparin, alichapisha makala yenye fikra zinazofanana na zake. Walisema hivi: hewa ya dunia changa haikuwa na oksijeni kama yetu, kwa kuwa oksijeni hii imetengenezwa na viumbe wa kijani. Pasipo oksijeni ya kuzichoma na kuziharibu, kemikali zenye kaboni zingeweza kutengenezwa kwa nguvu za jua na radi, zikarundikana baharini muda mrefu sana, mpaka bahari ikawa kama supu. Katika supu hiyo ndimo kemikali zilianza kujipanga.

Lilikuwa wazo zuri, lakini wazo tu. Hakuna aliyekuwa amelipima.

Sasa twende Chicago. Mwaka 1951 Harold Urey, profesa mashuhuri aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1934, alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha Chicago. Alieleza kwamba hewa ya dunia changa huenda ilikuwa mchanganyiko wa methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji, na kwamba ingefaa mtu ajaribu kuona hewa hiyo inatoa nini. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Oakland, California, jina lake Stanley Miller. Mwaka uliofuata alimwendea profesa akamwomba amruhusu kulifanya jaribio hilo.

Urey alisita. Aliona ni hatari kwa mwanafunzi kuweka shahada yake rehani kwa jaribio ambalo huenda lisitoe chochote. Miller aling'ang'ania. Hatimaye Urey alikubali kwa sharti: kama hapatapatikana matokeo katika miezi sita hadi mwaka, mwanafunzi atafute kazi nyingine.

Mtambo wa Miller haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa vioo, ungeweza kukaa juu ya meza. Chupa ya chini ilikuwa na maji yanayochemka, hiyo ikiwa ndiyo bahari. Chupa ya juu ilikuwa na zile gesi, hiyo ndiyo hewa. Ndani yake waya mbili zilirusha cheche za umeme, badala ya radi. Kisha palikuwa na bomba lililopozwa kwa maji baridi ili mvuke ugeuke matone na kurudi chini, kama mvua. Akawasha, akasubiri.

Baada ya siku moja maji yalianza kuwa ya waridi. Juma lilipokwisha yalikuwa mekundu na yenye ukungu. Miller aliyachunguza kwa kudondosha matone kwenye karatasi maalumu inayotenganisha kemikali, akakuta humo asidi amino. Hizo, msikilizaji, ni kemikali ambazo zikiungana kama shanga katika uzi hufanya protini. Na protini ndiyo iliyojenga nyama yako, nywele zako na sehemu kubwa ya mashine za mwili wako. Aina 20 hivi tu za asidi amino zinatosha kujenga protini za viumbe wote, kuanzia kijidudu hadi tembo.

Alipoandika taarifa yake, Miller aliweka jina la profesa kando ya lake. Urey alilikata. Alijua kwamba jina la mwenye Nobel likionekana pale, hakuna atakayemkumbuka mwanafunzi. Taarifa ilitoka katika jarida la Science tarehe 15 Mei 1953 ikiwa na jina moja tu, la kijana wa miaka 23.

Ndani ya taarifa hiyo kuna jambo lililonitia haya. Miller alitaja asidi amino tano. Tatu alisema amezitambua kwa uhakika. Mbili zilizobaki akasema wazi kwamba bado ana mashaka nazo. Huyu ni kijana aliyehitaji shahada, aliyepewa muda mfupi, na aliyekuwa na habari ya kushangaza dunia. Na bado akaandika mashaka yake kwa wino ule ule alioandikia ushindi wake. Mimi, miaka mingi baadaye, niliitwaa habari yake, nikayafuta mashaka yote, nikaongeza neno "uhai" ambalo yeye hakuliandika kuwa amelipata.

Tofauti ni kubwa. Asidi amino ni tofali. Ukimkuta mtu na rundo la matofali huwezi kusema amejenga nyumba, seuze kusema kuna watu wanaishi humo. Alichokionyesha Miller ni kwamba matofali yanaweza kufyatuka bila mfyatuaji, kwa gesi, maji na umeme tu. Na hilo, mwaka 1953, halikuwa dogo. Swali lililokuwa la wanafalsafa liliingia maabara, mahali ambapo mtu anaweza kukosea na kosa lake likaonekana.

Na makosa yalionekana. Tangu miaka ya 1970 wanajiolojia wengi wameona kwamba hewa ya dunia changa haikuwa kama ile ya Urey. Volkano hutoa zaidi mvuke wa maji, hewa ya ukaa na naitrojeni, na katika mchanganyiko huo cheche za Miller huzaa asidi amino kidogo sana. Tena, hata matofali yakiwapo tele, bado kuna swali la kuyaunganisha: asidi amino zikiungana hutoa maji, na ndani ya bahari iliyojaa maji kazi hiyo haiendi kirahisi.

Kisha kuna kitendawili cha kuku na yai. Maagizo ya kutengeneza protini yameandikwa kwenye DNA, lakini DNA haiwezi kunakiliwa bila protini. Kipi kilitangulia? Njia moja ya kutokea ilionekana katika miaka ya 1980, Wamarekani Thomas Cech na Sidney Altman walipogundua kwamba RNA, ndugu yake DNA, inaweza kubeba maagizo na pia kufanya kazi ya kuchochea kemikali, kazi iliyodhaniwa kuwa ya protini peke yake. Wakapewa Nobel mwaka 1989. Tangu hapo wengi wanaamini kwamba kabla ya DNA na protini palikuwa na zama za RNA.

Nayo RNA ina matofali yake. Mojawapo ni adenini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Joan Oró, mtoto wa mwoka mikate kutoka Catalonia aliyehamia Marekani, alionyesha kwamba adenini inaweza kupatikana kwa kupasha moto mchanganyiko wa amonia na haidrojeni sianidi, sumu ile ile inayoua watu. Na tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kilianguka karibu na mji wa Murchison, Australia. Vipande vilivyookotwa vilizidi kilo 100, na wachunguzi walikuta ndani yake asidi amino ambazo hazikutoka duniani. Kumbe matofali hufyatuka hata angani, mbali na maabara ya mtu yeyote.

Wengine waliacha supu ya juu wakatazama chini. Mwaka 1977 nyambizi ndogo iitwayo Alvin ilikuta karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, chemchemi za maji moto zilizozungukwa na viumbe wasiotegemea mwanga wa jua. Tangu hapo wapo wanaoshikilia kwamba uhai ulianzia kwenye chemchemi kama hizo, na wapo wanaobaki na kidimbwi cha Darwin. Ubishi huo ungaliko, na haujapata mshindi.

Wa kidimbwi wana hoja moja inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. RNA na DNA zote zinahitaji fosfati. Tatizo ni kwamba katika maji mengi fosfati hukamatwa na kalisi ikazama na kuwa mwamba, isipatikane tena. Mwishoni mwa mwaka 2019 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Jonathan Toner na David Catling, walieleza kwamba katika maziwa ya magadi mambo ni tofauti. Humo kaboneti huitwaa kalisi, na fosfati hubaki huru ndani ya maji. Walikadiria kwamba maziwa ya namna hiyo yanaweza kuwa na fosfati hadi mara 50,000 ya ile ya baharini. Na mfano mmoja walioutaja ni Ziwa Magadi la Kenya.

Naam, magadi yale yale. Yale ambayo mama zetu hutia kidogo kwenye chungu cha maharage ili yalainike upesi. Simaanishi kwamba uhai ulianzia Magadi, na naomba mjukuu yeyote asiandike hivyo kwenye mtihani. Ziwa lile ni changa mno, wakati uhai duniani una miaka isiyopungua bilioni 3.5. Wanachosema wataalamu ni kwamba maziwa ya aina hiyo, kama yalikuwapo zama zile, yangefaa.

Tarehe 24 Septemba 2023 chombo cha Marekani kilirudisha duniani gramu 121 na ushei za vumbi na vijiwe kutoka kwa jiwe kubwa la angani liitwalo Bennu. Januari 2025 matokeo yalitangazwa. Ndani yake zilikutwa asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazojenga protini, pamoja na herufi zote tano za kemikali zinazoandika DNA na RNA. Zikakutwa pia chumvi zilizobaki baada ya maji kukauka, na mojawapo ni trona. Trona ndiyo magadi. Kwa hiyo mahali fulani, kabla dunia hii haijatulia, palikuwa na maji yenye chumvi kama ya Magadi, na matofali ya uhai yalikuwamo. Hata hivyo kiumbe hai hakikukutwa. Matofali, chokaa na maji vilikuwapo, nyumba haikuwapo.

Nirudi kwa Miller kabla sijamaliza. Alifariki dunia tarehe 20 Mei 2007. Katika vitu vyake yalikutwa maboksi yenye vichupa vidogo vya masalia ya majaribio yake ya miaka ya 1950, yamekauka, kila kimoja kimeandikwa kilitoka wapi. Mwanafunzi wake wa zamani, Jeffrey Bada, alivichunguza na wenzake kwa mitambo ya kisasa. Mwaka 2008 walitangaza kwamba vichupa vya jaribio moja, lililoiga mvuke wa volkano, vilikuwa na asidi amino 22. Mwaka 2011 walitangaza matokeo ya jaribio la mwaka 1958 ambalo Miller hakuwahi kulitangaza: asidi amino 23. Mzee yule alikuwa na mengi kuliko aliyoyadai. Aliyataja yale tu ambayo vyombo vya wakati wake vilimwezesha kuyaona, na mengine akayaweka kabatini yakiwa na lebo, yamsubiri atakayekuja na darubini kali zaidi.

Wapo watakaosema: basi sayansi imeshindwa, miaka 70 na ushei imepita na hakuna uhai katika chupa. Nao pia watakuwa wamekosea kama nilivyokosea mimi, ila kwa upande wa pili. Kati ya "wametengeneza uhai" na "hawajui chochote" kuna barabara ndefu, na kila kituo kwenye barabara hiyo kina tarehe yake na ushahidi wake. Kazi yetu sisi watangazaji ni kusema msafara umefika kituo gani. Kuutangaza kwamba umefika mwisho wakati ungali njiani ni kuwadanganya wanaotuamini, na wengi wa hao ni watoto wenye mitihani.

Kwa imani za dini, ambazo wengi wetu tunazo, sioni kwamba kipindi hiki kina mamlaka ya kuhukumu. Mkemia anauliza kwa njia gani. Kwa nini, na kwa amri ya nani, ni swali ambalo mtambo wa Miller haukuundwa kulijibu.

Mwalimu, nimeipokea barua yako. Mwambie mjukuu wako kwamba sifuri ile ni yangu, na kwamba mwalimu wake alifanya haki kuitoa. Swali hilo likija tena, na aandike hivi: mwaka 1953 Stanley Miller alionyesha kwamba asidi amino zinaweza kutokea zenyewe kutokana na gesi, maji na umeme, hewa aliyoitumia inabishaniwa, na namna matofali hayo yalivyogeuka kiumbe hai haijafahamika. Akiandika hayo, alama zake ni halali yake.